Jinsi ya Kumdhibiti Mbawakavu wa Malengelenge Katika Desmodiamu, Kunde na Maharagwe

Kila msimu wa mvua, desmodiamu na maharagwe yanapoanza tu kutoa maua, wakulima wapya huniuliza maswali yaleyale. Ni mdudu gani huyu mweusi mwenye mikanda ya njano anayejazana juu ya maua? Ametoka wapi? Mbona aliyemkamata jana ameamka leo na malengelenge mkononi? Apuliziwe dawa gani? Nimeandika mwongozo huu ili anayeuliza apate jibu zima mahali pamoja, na hasa apate jibu la swali la mwisho, ambalo wengi hulikimbilia kabla ya mengine. Mdudu huyu hudhibitiwa zaidi kwa mikono iliyovaa glavu, asubuhi na mapema, katika zile wiki chache ambazo mmea una maua. Dawa ya kupulizia huja mwisho kabisa, na katika mashamba mengi madogo haihitajiki.

Kumtambua

Mdudu ninayemzungumzia ni Hycleus apicicornis, ambaye maandishi ya zamani yalimwita Coryna apicicornis. Ni wa ukoo wa Meloidae, wenye spishi zaidi ya 2,500 duniani, na anafahamika vizuri magharibi mwa Kenya kwa sababu hushambulia maua ya desmodiamu, mmea unaopandwa kati ya mistari ya mahindi katika kilimo cha sukuma-vuta. Kilimo hicho kilianzishwa miaka ya 1990 na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe pamoja na washirika wake: desmodiamu hufukuza nondo wa vipekecha shina na kudhoofisha kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ardhini, huku nyasi za pembezoni, kama matete, zikiwavuta nondo hao kutoka kwenye mahindi. Mkulima anayetegemea mbegu za desmodiamu ndiye huumizwa zaidi na mbawakavu huyu, kwa maana ua likiliwa hakuna ganda, na pasipo ganda hakuna mbegu ya kupanda wala ya kuuza.

Mwili wake ni mrefu na laini ukimlinganisha na mbawakavu wengine. Kichwa kimeinama na kimetenganishwa na kifua kwa shingo nyembamba, na mabawa magumu ya juu ni meusi yenye mikanda ya njano au ya rangi ya chungwa. Ana ndugu wengi wa jenasi hiyohiyo, wengine wakubwa zaidi, wengine wenye mikanda myekundu, ambao utawakuta kwenye kunde, mbaazi, bamia na maua ya maboga. Huna haja ya kuwatofautisha mmoja mmoja, kwa kuwa hatua zilizo hapa chini zinawafaa wote. Rangi zao kali ni onyo kwa ndege na wanyama kwamba mwenye rangi hizo haliwi.

Usimchanganye na yule mdudu anayeitwa Nairobi fly. Huyo ni mwembamba kama sisimizi, ana urefu wa milimita 7 hadi 10, mabawa yake ni mafupi yasiyofunika tumbo, na hufuata taa za nyumbani usiku. Yeye pia huunguza ngozi, lakini sumu yake ni pederini. Sumu ya mbawakavu wetu ni kantharidini, ambayo mkemia Mfaransa Pierre Robiquet aliitenga mwaka 1810 kutoka kwa jamaa yake wa kijani wa Ulaya.

Kuna mambo matatu ya kuyashika kabla ya kuanza, kwa sababu hatua zote zimejengwa juu yake. La kwanza, mdudu huyu haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya damu yake, na akibanwa huitoa kwa matone kwenye viungo vya miguu. La pili, sumu hiyo haipotei mdudu anapokufa wala anapokauka. La tatu, mbawakavu mzima hula maua, ilhali mabuu yake huishi ardhini na hula mayai ya panzi. Hivyo hakuja na mbegu uliyonunua wala na samadi uliyomwaga. Anaruka kutoka nje ya shamba kila siku akifuata maua, na mwaka ambao mayai ya panzi ni mengi ndio mwaka ambao mabuu yake hupata chakula tele.

Vitu vya kuandaa

Andaa glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, za kuoshea vyombo au nzito zaidi ya hizo. Glavu za kitambaa hazifai, kwa kuwa hunywa majimaji ya mdudu na kuyakalisha juu ya ngozi. Andaa pia shati la mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunikwa, na kitambaa cha kufunga shingoni. Kwa kazi yenyewe utahitaji beseni pana lenye rangi nyeupe ili uwaone wadudu wanapoanguka, ndoo yenye mfuniko, sabuni ya unga, kijiti chepesi cha urefu wa mkono, na jembe la kuchimbia shimo. Ukiweza kupata wavu wa kunasia wadudu wenye mpini mrefu, uwe nao. Usipoupata, kipande cha chandarua kilichochakaa kikishonwa kwenye waya wa mviringo kitafanya kazi hiyohiyo.

Weka pia maji safi na sabuni ya kipande karibu na shamba, si nyumbani. Mtu akiguswa na mdudu, dakika za kwanza ndizo zenye thamani kubwa.

Hatua za kazi

1. Anza kukagua vitumba vinapotokeza, usingoje maua yafunguke yote. Pita shambani kila baada ya siku mbili, ukianzia kwenye mipaka iliyo karibu na vichaka na majani marefu, kwa sababu huko ndiko wanakoonekana kwanza. Angalia maua 50 hivi katika sehemu tano tofauti. Mimi huanza kuokota nikiona wadudu watatu au wanne katika maua hayo, kwa kuwa wakiwa wachache kazi huisha kwa nusu saa, na wakishajaa huchukua asubuhi nzima.

2. Panga kufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Katika baridi ya asubuhi mbawakavu huyu huwa mzito, hajapata joto la kumwezesha kuruka, na akishtuliwa huanguka tu. Jua likipanda huwa mwepesi, na utakayemkosa mara moja atahamia mstari mwingine. Wakulima wengi wanaoniambia kwamba kuokota hakusaidii huwa wamejaribu saa tano mchana.

3. Vaa nguo zote kabla ya kuingia shambani, ukichomeka mikono ya shati ndani ya glavu. Funga kitambaa shingoni. Shingo ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi, na mdudu akitua hapo mkono huenda wenyewe kumpiga, naye hupasukia papo hapo. Hivyo ndivyo nilivyopata malengelenge yangu ya kwanza, mstari mrefu chini ya sikio uliokaa siku kumi.

4. Tia maji kwenye beseni hadi kina cha vidole vinne, kisha koroga kijiko kimoja cha sabuni ya unga kwa kila lita tatu za maji. Sabuni si ya kuwaua kwa sumu. Huvunja utando wa juu wa maji ili mdudu azame, maana katika maji matupu ataelea, atapanda ukingoni na kutoka.

5. Sogeza beseni chini ya shada la maua taratibu, pasipo kuutikisa mmea, kisha ligonge shina mara mbili au tatu kwa kijiti. Wadudu wataachia na kuanguka ndani. Kwa desmodiamu, ambayo hutambaa na kujisuka, liinue tawi kwa mkono mmoja wenye glavu, lilaze juu ya ukingo wa beseni, ndipo uligonge. Kwa mbaazi ndefu, inamisha tawi polepole hadi lifike juu ya beseni, kwa sababu ukilivuta ghafla wadudu wataanguka njiani. Kwa maharagwe mafupi, inamisha beseni kidogo, bila kumwaga maji, ukingo mmoja ukigusa udongo, kisha pukuta mmea kuelekea ndani. Mdudu aliyeng'ang'ania umpukute kwa kijiti. Usimbane kwa vidole hata kama umevaa glavu, maana matone yake yatabaki kwenye glavu na kuhamia popote utakapogusa. Anayeanguka chini mara nyingi hukunja miguu na kujifanya amekufa kwa muda mfupi. Mchukue kwa kijiti na jani wakati huo, kabla hajazinduka.

6. Kila beseni linapojaa wadudu, wamimine ndani ya ndoo yenye maji ya sabuni na uifunike. Ndoo hiyo isiachwe mahali ambapo watoto, kuku au mbuzi wanaweza kuifikia.

7. Ukirudi mchana ukawakuta wengine wametua, tumia wavu. Upitishe juu ya maua kwa mwendo mmoja, ukunje mdomo wake, kisha ukung'utie ndani ya ndoo. Njia hii huwadhuru nyuki nao wakinaswa, kwa hiyo itumie pale tu unapoona kundi la mbawakavu limekaa pamoja.

8. Waache kwenye maji ya sabuni hadi kesho yake ili uwe na hakika kwamba wamekufa. Kisha chimba shimo la kina cha futi moja au zaidi, mbali na kisima na mbali na njia ya mifugo, umimine kila kitu na ufukie. Usiwatupe kwenye lundo la mboji, na usiwape kuku.

9. Osha glavu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, uzivue kwa kuzigeuza ndani nje, kisha osha mikono na uso. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

10. Rudia kila baada ya siku mbili hadi maganda machanga yatokee kwenye sehemu kubwa ya shamba. Ganda likishaundwa hatari kubwa imepita, kwa sababu mdudu huyu hutafuta petali, chavua na sehemu laini za ndani ya ua.

Kama desmodiamu ni ya malisho

Mkulima asiyehitaji mbegu ana njia fupi zaidi, nami huipendekeza sana: kata desmodiamu ikiwa kwenye vitumba, kabla maua hayajafunguka. Utapata malisho laini, mmea utachipua tena, na mbawakavu hatakuwa na sababu ya kuja. Ukitaka mbegu, tenga kipande kidogo cha kuachiwa maua ambacho utaweza kukiokota mwenyewe kila baada ya siku mbili, na kilichobaki ukate.

Endapo umechelewa na maua yamekwisha kujaa wadudu, kuwa mwangalifu sana na malisho hayo. Kata kwa mundu au panga, usiyapitishe kwenye mashine ya kukatakata yakiwa mabichi, na usiyafunge mizigo papo hapo. Yatandaze yalipokatwa yakae juani hadi yanyauke, ili wadudu walio hai waondoke wenyewe, kisha yakung'ute na kuyakagua kabla ya kuyabeba. Nchini Marekani farasi wengi wamekufa kwa kula nyasi kavu za lusani zilizokuwa na mbawakavu wa ukoo huu waliopondwa ndani yake. Farasi ndio wanaodhurika kwa wepesi zaidi, na punda ni wa jamii hiyohiyo, lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo nao wanaweza kuugua. Mnyama aliyekula atakataa chakula, ataonyesha maumivu ya tumbo, atatokwa na mate mengi, na atajaribu kukojoa mara kwa mara. Huyo ni wa kuitiwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kupulizia dawa wakati wa maua. Anayepulizia asubuhi huua nyuki pamoja na mbawakavu, na kesho yake mbawakavu wapya huruka kutoka vichakani ilhali nyuki hawarudi kwa urahisi huo. Desmodiamu huhitaji nyuki kufungua maua yake ili yashike mbegu, kwa hiyo aliyewaua nyuki ili kuokoa mbegu amezipoteza kwa mlango mwingine. Hata pareto na viuatilifu vingine vya asili huua nyuki vikiwagusa. Ikiwa shamba ni kubwa na umeshindwa kabisa kuokota, zungumza na afisa wa kilimo kuhusu dawa iliyosajiliwa kwa zao lako na mamlaka ya viuatilifu, yaani PCPB nchini Kenya au TPHPA nchini Tanzania. Pulizia jioni baada ya nyuki kurudi mzingani, na uheshimu idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Kosa la pili ni kufunika kila zao kwa chandarua. Kwa maharagwe na kunde njia hii inafaa katika bustani ndogo, kwa kuwa mazao hayo hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Kwa desmodiamu na maboga utakuwa umewafungia nje nyuki unaowahitaji.

Kosa la tatu ni la hatari zaidi, na nalitaja bila kuficha. Wapo watu wanaowakausha wadudu hawa na kuwauza kama dawa ya nguvu za kiume au ya kutoa mimba. Kantharidini ikimezwa huunguza mdomo, koo na matumbo, huharibu figo, humfanya mtu akojoe damu, na kiasi kidogo sana huua. Usimpe yeyote wadudu uliookota, hata akiwaomba kwa heshima na kwa sababu nzuri kiasi gani.

Mtu akiguswa

Mdudu akitua kwenye ngozi, mpulize kwa pumzi au umsukume taratibu kwa jani. Ngozi iliyoguswa ioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni. Usipake mafuta ya kupikia wala siagi, kwa sababu kantharidini haiyeyuki vizuri ndani ya maji lakini huyeyuka katika mafuta, na utakuwa unaisambaza. Wengi hawasikii chochote wakati wa kuguswa. Lengelenge hutokea saa chache baadaye au kesho yake, na hilo ndilo huwafanya wasijue kilichowaunguza.

Lengelenge likitokea usilipasue. Lifunike kwa kitambaa safi kisichobana, nalo kwa kawaida hupona ndani ya wiki moja au mbili bila kuacha kovu. Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa aliyeguswa ni mtoto mdogo, ikiwa lengelenge ni kubwa au liko sehemu za siri, au ikiwa panatoa usaha na mtu ana homa. Majimaji yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitalini hata kama maumivu yamepungua.

Aliyemeza mdudu apelekwe hospitalini papo hapo. Usimlazimishe kutapika, na usimpe maziwa. Najua kwamba katika nyumba nyingi maziwa ndiyo huduma ya kwanza kwa aliyekula sumu, lakini kwa sumu hii mafuta yaliyomo huisaidia kupenya mwilini.

Mambo yasipokwenda sawa

Nimeokota kwa wiki nzima na bado wapo. Hilo ni la kawaida katika wiki ya kwanza, kwa kuwa wapya wanaruka kuingia. Linganisha idadi ya wadudu katika maua 50, si hisia ya macho. Idadi ikiwa haishuki kabisa, angalia mambo mawili: saa unayoanza kazi, na shamba la jirani. Kuokota ekari robo katikati ya mashamba yasiyookotwa ni kazi isiyokwisha, na majirani watatu wakikubaliana asubuhi zilezile matokeo huonekana upesi.

Wadudu wanatoka kwenye beseni. Sabuni ni kidogo, au maji yamejaa chavua na petali. Mwaga kwenye ndoo, tia maji mapya na sabuni mpya.

Maua hayana mdudu hata mmoja, lakini yanaanguka bila kushika. Usimlaumu mbawakavu. Ua lililoliwa naye huonekana petali zimetafunwa na sehemu za katikati hazipo. Likianguka zima, tafuta sababu katika ukame, joto au vithiripi, ambao ni wadogo mno na hujificha ndani ya ua.

Naona mashimo kwenye majani machanga. Huyo naye ni mdudu mwingine, kwa kuwa mbawakavu huyu hufuata maua. Mchukue aliyekula majani umwonyeshe afisa wa kilimo.

Nilivaa glavu na bado nimepata malengelenge. Kagua glavu kama zina tundu kwa kuzijaza maji na kuzibana, kisha ukumbuke ulichogusa ukiwa umezivaa: uso, simu, chupa ya maji, mlango wa choo. Tangu nilipoanza kuacha simu nyumbani asubuhi za kuokota, tatizo hili limeniondokea.

Nimevuna mbegu na nimekuta wadudu waliokauka ndani ya gunia. Usizipepete kwa mikono mitupu wala mahali penye upepo unaoelekea uso wako. Vaa glavu, funika pua na mdomo kwa kitambaa, mwaga mbegu juu ya turubai, uwaondoe wadudu na vipande vyao kwa ungo, kisha uwafukie kama wale wa kwenye ndoo. Ungo huo usirudi tena jikoni.